Kadi inasema 1290, bonetini kuna 1NZ: bima italipa?

Msomaji wa Tabata ameniandikia hivi: "Kaka, habari za majukumu. Nina Toyota IST yangu, ilikuja na injini ya 2NZ. Ilipoanza kula oili fundi akanishauri nifunge 1NZ, nikafunga mwezi wa tatu. Baada ya hapo nikashusha springi, nikaweka rimu za inchi 17, ekzosi ya mngurumo na taa za LED. Nina bima kubwa, ile inayolipa hata gari langu mwenyewe, nililipa Novemba. Kadi ya gari bado inasomeka cc 1290. Juzi kijiweni nimesikia kuna jamaa amenyimwa fidia kwa sababu ya rimu tu. Ni kweli? Na nilikuwa nimepanga kufunga gesi mwaka huu, au ndiyo nitaharibu kabisa?"

Nzuri, mdogo wangu. Tuanze na huyo jamaa wa kijiweni, maana naona ndiye aliyekukosesha usingizi. Nimekagua magari yaliyogongwa kwa miaka kumi na kitu, na stori ya "amenyimwa kwa sababu ya rimu" huwa haikosi. Ukimkalisha mhusika chini akuoneshe barua ya kampuni, mara nyingi unakuta hakunyimwa. Alilipwa gari, hakulipwa rimu. Alikata bima ya gari la milioni kumi na mbili, jinsi lilivyotoka bandarini. Kisha akalivalisha rimu na matairi ya milioni mbili, redio ya skrini na bodi-kit ya urembo, na siku lilipopinduka akataka milioni kumi na tano. Kampuni ikamuuliza swali moja: hiyo milioni tatu uliilipia bima lini? Mikataba mingi ya magari hulinda gari pamoja na vifaa vilivyokuja nalo kutoka kiwandani. Ulichoongeza mwenyewe kinalindwa ukikitaja na thamani yake ikaandikwa. Kwa hiyo rimu zako za inchi 17 leo zinatembea bila bima, hata kama gari lenyewe linayo.

Hilo ni la fedha tu, na linarekebishika kwa simu moja. Kilichonifanya nisome barua yako mara mbili ni injini.

Nikuondolee kwanza hofu isiyo na msingi. IST ya toleo la kwanza, ile ya 2002 hadi 2007, Toyota wenyewe waliitoa na injini zote mbili. 2NZ-FE ina ujazo wa 1298, 1NZ-FE ina 1496. Kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 75. Kinachotofautiana ni urefu wa safari ya pistoni, milimita 73.5 kwa 84.7. Nguvu inapanda kutoka farasi 87 hivi hadi karibu 109. Ni ndugu wa tumbo moja, ndiyo maana fundi wako alizibadilisha bila kuchomelea chochote. Hata kwenye kodi hukumpunja mtu, kwani ushuru wa bidhaa kwa magari ya cc 1001 hadi 2000 ni kiwango kimoja. Ungeniambia umefunga injini ya V6 humo ndani, tungeongea lugha nyingine.

Lakini kadi ya gari ina mistari miwili inayoihusu injini. Mmoja ni ujazo, mwingine ni namba ya injini. Huo wa ujazo unaweza kuuzungumzia, ukasema ni suala la cc mia mbili tu. Wa namba hauna mazungumzo. Namba ama ni hiyo, ama siyo.

Nikuoneshe inavyokuwa. Kituo cha polisi, uwanja wa nyuma, magari yamepangwa yakiwa na vumbi. IST ya kijana mmoja imekula nguzo, bonati limekunjwa kama bati la paa baada ya upepo. Mkaguzi wa magari wa polisi anaomba kitambaa na petroli kidogo. Anainama upande ambapo bloku ya injini inaungana na giaboksi, anasugua tope la oili, anamulika kwa simu. Anasoma kwa sauti, tarakimu moja moja, na mimi naandika. Neno la kwanza kutoka mdomoni mwake ni "moja, N, Z". Halafu anafungua kadi. Kadi inaanza na 2NZ. Yule kijana anasema, "Afande, nilibadili tu, ile ilikuwa inakula oili." Afande wala hakasiriki. Anauliza risiti iko wapi. Kijana anasema aliyenunua ni fundi. Fundi amenunua wapi? Gerezani, pale Kariakoo kwenye maduka ya vipuri. Kwa nani? Kimya.

Tangu hapo ajali ilisahaulika kabisa. Mazungumzo yaligeuka yakawa ya injini imetoka wapi, na gari lilikaa pale wiki kadhaa zaidi ya ambavyo lingekaa. Ndiyo hatari ya kwanza, na haina uhusiano na bima. Injini nyingi za Gerezani zimekuja kihalali ndani ya makontena. Baadhi zimetoka kwenye magari ya hapa mjini yaliyoibwa yakachinjwa usiku mmoja. Kwa macho hazitofautiani. Kinachotofautisha ni karatasi: risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina lako na namba ya injini, na nyaraka za forodha za kontena ilimokuja. Kama huna, rudi kwa fundi wiki hii, akupeleke kwa muuzaji wakati bado wanakumbukana. Baada ya mwaka mmoja duka lile linaweza kuwa linauza mapazia.

Ukishapata karatasi, gari linapelekwa polisi likaguliwe na upewe ripoti, kisha unaomba TRA, mamlaka ya mapato, wabadilishe taarifa za usajili: namba ya injini na ujazo. Sheria inamtaka mwenye gari atoe taarifa gari linapobadilika na kuacha kufanana na ilivyoandikwa kwenye usajili. Rangi ni hivyohivyo. Watu wanalifunika gari zima kwa stika nyeusi isiyong'aa, kadi inasema "silver", kisha wanashangaa trafiki anapolizungukia mara tatu.

Sasa bima. Hapa naomba uvumilie, kwa sababu mafundi, mawakala na wataalamu wa YouTube wote huchanganya mambo mawili: wajibu wako siku unapokata bima, na wajibu wako katikati ya mwaka.

Bima inasimama juu ya kanuni ya zamani sana: anayekata bima anajua habari za mali yake, kampuni haijui, kwa hiyo anayejua lazima aseme. Kesi inayotajwa siku zote ni Carter na Boehm ya mwaka 1766, mbele ya Jaji Mansfield kule London. Gavana wa ngome ya Waingereza kwenye kisiwa cha Sumatra alikata bima dhidi ya ngome kutekwa na maadui. Wafaransa wakaiteka. Mtoa bima akakataa kulipa, akidai gavana alificha udhaifu wa ngome. Kinachochekesha ni kwamba gavana alishinda kesi. Lakini maneno aliyoyasema jaji kuhusu wajibu wa kusema ukweli ndiyo yaliyobaki, na yamekuwa yakiwaumiza wenye mali tangu siku hiyo. Sisi tuliyapokea pamoja na sheria nyingine za Kiingereza. Tarehe ya mapokezi iliyowekwa kwenye sheria zetu ni 22 Julai 1920. Kwa kanuni hiyo, taarifa muhimu ni ile ambayo ingemfanya mtoa bima makini abadili bei, aweke masharti au akatae. Na ukali wake uko hapa: hata kama ulichokificha hakikusababisha ajali, mkataba unaweza kubatilishwa kana kwamba haukuwahi kuwepo.

Najua umeona video ya Mwingereza anayesema kampuni lazima ipunguze fidia kwa uwiano tu, haiwezi kukataa yote kama ulipitiwa bila nia mbaya. Kwa sehemu kubwa anasema kweli, kwa kwao. Walibadilisha sheria yao mwaka 2012 kwa bima za watu binafsi na mwaka 2015 kwa bima za biashara. Mabadiliko hayo hayakupanda meli kuja bandari ya Dar.

Tunakuja kwako. Ulikata bima Novemba, injini ilikuwa 2NZ, na ulisema ukweli. Injini umebadili mwezi wa tatu. Wajibu ule wa kueleza kila kitu unakubana pale unapoingia mkataba, na unafufuka kila unapouhuisha. Katikati ya mwaka kinachokubana ni maneno ya mkataba wenyewe. Na mikataba mingi ya magari ina kipengele kinachosema mwenye bima atatoa taarifa ya mabadiliko yoyote kwenye gari au kwenye matumizi yake. Kwa hiyo swali lako "watanilipa?" jibu lake limo kwenye karatasi ambayo nina uhakika huna. Watu wengi hapa mjini wana stika, wana kavanoti, ile hati fupi ya bima, kwenye simu, basi. Mkataba kamili, ule wenye kurasa nyingi na maandishi madogo, hawajawahi kuuona. Uombe. Ni haki yako, na siku hizi wanakutumia kwa barua pepe. Tafuta sehemu ya masharti, angalia palipoandikwa kuhusu mabadiliko, na kuhusu kulitunza gari liwe katika hali salama ya kutembea barabarani.

Unaona basi ulipo? Leo una nafasi ya kujitetea. Novemba ijayo, ukijaza fomu upya ukaandika 1290 na namba ya 2NZ, nafasi hiyo umeitupa mwenyewe kwa sahihi yako. Fomu nyingi zina sentensi pale chini inayosema majibu haya ndiyo msingi wa mkataba. Ukishasaini hapo, "nilisahau" haitoshi.

Ukitaka maoni yangu binafsi kuhusu uzito wa jambo hili: ukiwaambia leo, sioni kampuni ya maana ikihangaika na 1NZ kwenye IST. Bei ya bima kubwa hapa inapigwa kwa asilimia ya thamani ya gari, na ujazo wa injini hauibadilishi sana. Wataandika namba mpya, maisha yaendelee. Lakini usipowaambia, umewaachia mlango. Na mlango huo hautumiki siku umekwaruza bampa la laki mbili. Utatumika siku gari limekwisha kabisa, wakati kuna mtu ofisini ana sababu ya milioni kumi na mbili ya kusoma kadi yako taratibu.

Kuhusu watu wengine utakaowagonga, Mungu apishe mbali, hali ni tofauti kidogo. Bima ya lazima, hiyo tunayoiita ndogo, iko chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, na imewekwa kumlinda aliyeumizwa. Mtembea kwa miguu wa Buguruni hajui wala hahusiki na ulichofunga bonetini. Sheria inaibana kampuni imlipe akishapata hukumu. Ila kampuni ikilipa kwa kulazimishwa na sheria, fedha ambayo kwa mkataba wako isingeilipa, inaweza kukugeukia wewe kuidai. Vijana wengi hawalijui hilo. Wanadhani bima ndogo ikilipa mambo yameisha.

Sasa hivyo vingine.

Springi. Hukuniambia umeshusha vipi, na jibu langu lote linategemea hapo. Kama umenunua springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hilo pamoja na shokapu zake, ni jambo la kuandika kwenye barua na kuendelea. Kama fundi amezikata kwa grinda, zirudishe za zamani kesho. Springi iliyokatwa inakuwa fupi kuliko safari ya shokapu. Gari likiruka tuta, tairi linaning'inia, springi inalegea kwenye kikombe chake na inaweza kukaa upande. Mkaguzi akiona ncha ya springi iliyokatwa, yenye ukoko mweusi wa moto wa grinda, ataandika kwenye ripoti kwamba gari lilikuwa na kasoro. Kutembeza gari bovu barabarani ni kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, na ni hoja nzuri sana ya kampuni kukunyima. Kama kuna mtu amekufa, wala hutakuwa na muda wa kuwaza bima. Utakuwa unajibu shitaka la kusababisha kifo, na ile springi itakuwa kielelezo mezani.

Halafu matuta yetu unayajua. Gari likigusa chini likapasua sampu, oili ikamwagika, nawe ukaendesha hadi injini ikashika, hiyo kwa kampuni ni hitilafu ya mitambo. Bima ya ajali hailipi hitilafu ya mitambo.

Rimu: angalia jumla ya kipenyo cha tairi, siyo rimu peke yake. Tairi jipya likiwa kubwa kwa asilimia tano kuliko la kiwandani, dashibodi ikisema 50 wewe unatembea 52 na nusu. Kwenye eneo la 50 lenye tochi ya trafiki ya kupima mwendo, hicho kinatosha kukuletea faini. Tairi likigusa fenda unapokata kona ukiwa na abiria nyuma, hilo ni kasoro kama ile ya springi.

Ekzosi naipita haraka. Ni kelele, ni faini ya papo kwa papo, ni majirani. Kitu kimoja tu: muulize fundi kama lile sega la ndani, linalosafisha moshi, bado lipo. Lina madini ya thamani, na wapo mafundi wanaokufungia ekzosi kwa bei ya kirafiki kwa sababu sega lako wameshaliuza.

Taa ndizo nataka tukae nazo kidogo.

Wakati bado nakadiria hasara, niliitwa kuangalia Noah iliyoungua Kimara. Mwenyewe alikuwa ameegesha nyumbani, wakaamka na moshi. Ilikuwa imeungua kuanzia mbele kuelekea kwenye kioo, na kushoto nyuma ya taa nilikuta kilichobaki cha soketi ya balbu: plastiki iliyoyeyuka ikatiririka na kuganda kama nta ya mshumaa, na ndani yake nyaya mbili zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa utepe. Hakuna fyuzi. Balbu ya kawaida ya H4 ni wati 55 kwa 60. Yule bwana alifunga za wati 100 zenye mwanga mweupe, na nyaya za kiwandani zilezile. Kwa volti 12, wati 60 ni kama ampea tano. Wati 100 ni zaidi ya nane. Waya hauungui siku hiyohiyo. Unachoka polepole, ganda linakauka, linapasuka, na usiku mmoja kwenye unyevu wa mvua za masika kinatokea kilichotokea. Niliandika nilichokiona. Mwenye gari alinichukia, na mpaka leo tukikutana Mbezi mwisho hanisalimii.

LED zako zinakula umeme kidogo, kwa hiyo hatari ya joto kwenye nyaya ni ndogo. Kero yake ni mwanga. Balbu ya LED kwenye bakuli la taa lililochongwa kwa ajili ya balbu ya kawaida hutawanya mwanga ovyo. Dereva wa upande wa pili anapofuka. Akisema mbele ya askari kwamba alipofushwa na taa zako, una shida. Elekeza taa ukutani usiku, uone mstari wa mwanga unakata wapi. Na muulize fundi alichukulia umeme wapi na aliweka fyuzi gani. Akianza kucheka, tafuta fundi wa umeme mwingine.

Ukiwa hapohapo, kama una vibao vya namba vya 3D au vimulimuli vya bluu nyuma ya grili ya mbele, vitoe. Hivyo sitavijadili, polisi wameshavijadili vya kutosha.

Gesi sasa. Hapana, hutaharibu. Kwa kweli kati ya mabadiliko yako yote hilo ndilo ninaloliunga mkono, ukilifanya kwa utaratibu. Tatizo watu wanakimbilia bei. Mtungi wa gesi asilia iliyoshindiliwa unajazwa hadi bar 200. Tairi lako lina bar mbili na kidogo. Kitu cha namna hiyo unakiweka kwenye buti, nyuma ya kiti wanapokaa watoto, na huku daladala zinakugonga kwa nyuma kila siku kwenye foleni ya Ubungo. Nani amekifunga, kwa boliti gani, kwenye chuma kipi cha bodi, hayo ndiyo maswali. Fungia kwenye karakana inayotambulika. DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, pale mjini, wamekuwa wakifanya kazi hii kwa miaka mingi, na zipo nyingine. Wakukabidhi cheti chenye namba ya chasisi yako na namba ya mtungi. Tarehe ya kupimwa tena imeandikwa au imechapwa kwenye mtungi, ipige picha.

Kisha mambo mawili. Kadi inasema gari linatumia petroli; baada ya kufunga linatumia petroli na gesi, kwa hiyo liongeze kwenye yale maombi ya TRA badala ya kurudi mara mbili. Na kampuni ya bima iandikiwe kabla hujafunga, siyo baada, kwa sababu gesi ni kitu ambacho mtoa bima yeyote atasema ni taarifa muhimu. Wengine wataomba nakala ya cheti tu. Wengine watataka kuliona gari. Mfumo mzima wa gesi nao una thamani, kwa hiyo uingizwe kwenye kiasi kilichokatiwa bima.

Na hapa yanakutana yale uliyodhani hayahusiani. Mtungi wa chuma una uzito wa karibu kilo moja kwa kila lita. Wa lita 60 ni kama umembeba mtu mzima kwenye buti, saa zote, hata ukiwa peke yako. Gari ulilolishusha. Springi zenyewe labda zimekatwa. Matairi mapana yanayokaribia fenda. Fundi wa gesi mwenye akili atakukatalia, na akikukubalia bila kuuliza kitu, ondoka.

Kama gari unaliendesha pia kwenye Bolt jioni baada ya kazi, hukusema ila wengi hufanya, basi yote niliyoandika juu ni madogo. Kubeba abiria kwa malipo ukiwa na bima ya gari binafsi ni kubadilisha matumizi, na matumizi ndicho kitu cha kwanza mkadiria hasara anachouliza. Simu yako yenyewe ndiyo shahidi, ina safari zote na dakika zake.

Haya, namna ya kuwaambia. Usimwambie wakala kwa mdomo. Wakala anafanya kazi kwa niaba ya kampuni, lakini siku ya kesi atakuwa amehamia kuuza viwanja na hakumbuki. Andika barua pepe kwa kampuni, nakala kwa wakala au broka wako. Isiwe ndefu. Kitu kama hiki kinatosha: "Naomba kuwajulisha kwamba gari langu namba fulani, lenye bima namba fulani, lilibadilishwa injini tarehe fulani kutoka 2NZ-FE kwenda 1NZ-FE namba fulani. Pia nimebadilisha springi, rimu na matairi, ekzosi na taa za mbele, kama picha zinavyoonesha. Naomba mthibitishe kwa maandishi kwamba bima yangu inaendelea, na mnijulishe kama kuna nyongeza ya malipo." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Watakapokujibu na kukutumia hati ya mabadiliko ya mkataba, wamekubali wakijua. Hawawezi tena kusema walifichwa. Wakikaa kimya wiki mbili, kumbusha, na tunza zote mbili.

Inawezekana wakakuambia hawawezi kuendelea nawe. Nimeona mara chache, hasa kwa magari yaliyochezewa turbo. Hapo wanakurudishia sehemu ya malipo na unahamia kwingine ukiwa msafi. Na kama gari limekopewa benki, soma mkataba wa mkopo kwanza, maana benki nyingi zinakataza kubadilisha gari bila idhini yao hadi deni liishe.

Na ikitokea siku umedai, wakakataa, na wewe una ile barua pepe, usiende kulalamika kijiweni. Peleka malalamiko kwa maandishi kwa kampuni yenyewe. Wakishikilia msimamo, nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima; ipo ofisi yake hapa Dar, imeanzishwa kisheria kwa ajili ya watu kama wewe, na huhitaji kuweka wakili. TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, nao ndio wanaosimamia kampuni zote na wanapokea malalamiko. Watakachokuuliza wote wawili ni nyaraka.

Picha za kuambatanisha piga mchana, bonati likiwa wazi. Moja ya gari zima kwa mbele na namba yake, moja ya kila ulichobadilisha, na moja ya ile namba kwenye bloku baada ya kuifuta kwa petroli, isomeke mpaka tarakimu ya mwisho.